Rekodi ya mtafiti wa saratani: anza na majina, namba ya h baadaye

Ukifungua ukurasa wa mtafiti kwenye Google Scholar, huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma, jicho hukimbilia namba ya h. Iache kwanza, ushuke kwenye orodha ya makala.

Namba yenyewe ni hesabu ya darasani. Mwanafizikia Jorge Hirsch aliipendekeza mwaka 2005: panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi, kisha shuka ukihesabu, uishie kwenye makala ya mwisho ambayo nukuu zake hazipungui namba ya nafasi yake; nafasi hiyo ndiyo h. Mwenye makala saba zilizonukuliwa mara 40, 22, 15, 9, 6, 5 na 2 ana h ya 5, kwa kuwa ya tano imefikisha 6 na ya sita imeishia 5. Hiyo ya 40 hata ingenukuliwa mara 4,000, h isingesogea.

Sasa majina. Katika baiolojia ya molekuli, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyeshika pipeti na kuandika rasimu. Wa mwisho ni mkuu wa maabara. Makala za miradi mikubwa ya jenomu huwa na waandishi hata mamia, na kila mmoja hupata nukuu zote. Kwa hiyo hesabu kando: ngapi yuko wa kwanza, ngapi wa mwisho. Mwanafunzi wa uzamivu awe na za kwanza. Profesa awe na za mwisho. Mtakwimu msamehe, yeye hukaa katikati maisha yake yote.

Halafu angalia ni makala ya aina gani. Ile ya Lowry na wenzake ya 1951 kuhusu kupima protini imenukuliwa zaidi ya mara 300,000, kwa sababu maabara nyingi zilihitaji kipimo hicho. Ya Hanahan na Weinberg ya mwaka 2000, kuhusu sifa bainifu za saratani, ni mapitio na si jaribio. Na ripoti za GLOBOCAN, takwimu za saratani duniani, hutajwa katika utangulizi wa makala nyingi mno za saratani, mara nyingi kwenye sentensi ya kwanza kabisa.

Kunukuliwa pia si kuthibitishwa. Seli za MDA-MB-435, zinazooteshwa maabarani, zilitumika miaka mingi kama saratani ya matiti, mpaka vipimo vya jeni vikaonyesha zinalingana na M14, ambazo ni za melanoma, saratani ya ngozi. Makala zilizozitumia bado zinahesabiwa. Mimi hufungua sehemu ya mbinu na kutafuta kama seli zilipimwa utambulisho kwa STR, vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia. Zisipopimwa, nukuu 200 hazinitulizi.

Kwetu Tanga tatizo kubwa huanzia kwenye jina. Tuseme mtafiti anaitwa Mwanaidi Athumani Shekue. Jarida moja litamwandika Shekue MA, jingine Athumani M, la tatu Mwanaidi AS, na Athumani atageuka Othman mahali fulani. Scopus, hazina ya kumbukumbu za makala na nukuu, humgawa kuwa watu watatu, kila mmoja na h yake ndogo. Dawa ni kuchagua umbo moja kabla ya makala ya kwanza, kufungua ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti (bure, tarakimu 16, ya mwisho huweza kuwa X), na kuiweka kila unapowasilisha kazi. Zilizokwisha kugawanyika, omba Scopus waziunganishe. Kwenye Scholar weka tiki kwenye nakala mbili za makala ileile, kisha bonyeza kuunganisha. Zima pia uongezaji wa makala wa moja kwa moja, uwe unaulizwa kwanza kwa barua pepe. Ukiuacha, kazi za wajina wako zitaingia kwako, na kamati ya ajira itaziona kabla yako.

Usishangae Scholar kukupa nukuu nyingi kuliko Scopus au Web of Science, hazina nyingine ya aina hiyo. Huokota tasnifu na rasimu zisizopitiwa pia. Linganisha watu wawili kwa chanzo kimoja tu, tena wa fani moja: mtu wa malaria pale NIMR Tanga, kituo cha taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na mtu wa limfoma ya Burkitt, aina ya saratani, hawapimiki kwa rula ileile, ingawa magonjwa hayo yana uhusiano.

Mwisho, ingia PubMed, hazina ya mtandaoni ya makala za tiba, andika namba ya ORCID ikifuatiwa na [auid], kisha fungua zile makala zinazobeba h. Iliyofutwa na jarida huwa na tangazo juu ya ukurasa. Nukuu zake kwenye Scholar hazifutiki, kwa hiyo zitoe mwenyewe na uhesabu upya.