Kupita miaka 50 hakumzuii mtu kujifunza kompyuta

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Kisumu: eti ukipita miaka 50 ubongo haushiki tena kompyuta, kwa hivyo waajiri wasihangaike kuwafunza wazee. Si kweli. Kasi ya kushika mambo mapya hupungua kadiri umri unavyosonga, lakini uwezo wa kujifunza haukatiki. Huduma ya kutuma pesa kwa simu ilianza Kenya 2007. Leo mama mwenye wajukuu anayeuza omena katika soko la Kibuye husoma ujumbe wa malipo kabla ya kukukabidhi mfuko. Tunachanganya umri na mazoezi. Karani mkongwe huonyeshwa mfumo mpya mara moja, haraka haraka, kisha anaitwa mzito. Hakikisha mwenyewe: mwachie kibodi wiki kadhaa, umwelekeze bila kumpokonya. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Unaweza kumnyima mtu kazi.