Tapeti zikinyamaza, usishangilie

Hapa Kizota, Dodoma, maneno ninayoyasikia kuliko yote ni haya: "Fundi, nikazie tapeti, zinalia." Mara nyingi gari lenyewe ni IST au Spacio, yaani injini ya 1NZ au 1ZZ. Tapeti ni kipande kinachopokea msukumo wa kemu (shafti yenye mabonge) na kufungua valvu (mlango wa silinda). Hizo za 1NZ na 1ZZ ni ngumu: kikombe cha chuma kati ya kemu na valvu, wala hakuna oili inayojaza nafasi. Anayesema hivyo anaamini injini nzima ni ile isiyosikika. Imani hiyo imenichosha.

Tapeti ngumu lazima iwe na nafasi, yaani uwazi kidogo kati yake na kemu. Kwa 1NZ ikiwa baridi, inteki (valvu ya kuingiza hewa) ni milimita 0.15 hadi 0.25, ekzosti (ya kutoa moshi) 0.25 hadi 0.35. Ekzosti imepewa zaidi kwa sababu valvu yake inapata moto mkali zaidi, na chuma kikipata moto kinarefuka. Ukiwa ndani ya vipimo hivyo bado utasikia mlio kama wa cherehani kwa mbali, hasa asubuhi za Juni na Julai injini ikiwa haijachemka. Uache ulie.

Tena sikiliza hili. Kadiri gari linavyotembea, nafasi ya ekzosti mara nyingi hupungua. Valvu inajichimbia kwenye siti yake, pale inapokaa ikifunga, kidogo kidogo na mguu wake unasogea kuelekea kemu, kwa hiyo tapeti inayokaribia kukuharibia injini ndiyo inayozidi kunyamaza. Nafasi ikiisha kabisa, valvu haifungi. Na valvu hupoa kwa kukaa kwenye siti. Joto lake jingi linatoka kupitia hapo. Isipokaa inaungua ukingoni, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) inaanguka, gari linamisi, yaani silinda hiyo haiwaki vizuri. Mwenye gari atabadilisha plagi, atabadilisha koili, atasafisha nozeli, na bado akipanda vilima vya Kolo kwenda Babati atapitwa na malori. Akifika kwangu ananiambia, "Lakini injini imetulia sana, fundi."

Halafu, tapeti za 1NZ hazikazwi. Hazina skrubu! Unapima kwa fila geji (vibao vyembamba vya kupimia uwazi), unashusha kemu, unaweka kikombe chenye unene mwingine, na vikombe hivyo vinapishana kwa milimita 0.02. Aliyekwambia amezikaza kwa nusu saa alifungua kava akalifunga. Wanaosaga kikombe kwa grainda sitaki hata kuwazungumzia; ugumu wa ule uso uko juu juu tu, ukishauondoa kemu inakula chuma laini. Mimi mlio wa tapeti hauniambii kitu. Nataka namba, silinda kwa silinda, zimeandikwa kwenye karatasi, na karatasi hiyo mteja aondoke nayo. Fundi asiyeweza kukupa hiyo karatasi hakupima.

Wenye Hiace za 1TR na Prado za 2TR nao wana lao: tapeti za haidroliki hazitaki matunzo. Ni kweli hakuna mtu anayeziseti, oili yenyewe inaziba nafasi. Ndiyo maana zinateseka oili ikichakaa, kwa sababu vitundu vyake ni vidogo mno na taka kidogo tu inatosha kuviziba. Zikianza kulia, dawa ya mtaani ni oili nzito, 20W-50 au namba 40. Mlio unaweza kupungua injini ikiwa ya moto, ila asubuhi oili hiyo inachelewa kufika juu na kemu inazunguka karibu kavu. Weka oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari na uibadilishe kwa wakati wake. Zikilia sekunde chache baada ya gari kulala siku kadhaa, achana nazo.

Wengine wanadhani rola na haidroliki ni kitu kimoja. Rola ni gurudumu dogo linalobingirika juu ya kemu; inapunguza msuguano, basi. CR-V ya K20 ina rola na bado unaiseti kwa skrubu na nati. 2TR ina vyote viwili. 1NZ haina hata kimoja.

Na nyie vijana mnaoniletea picha za kemu za rola ngumu, yaani rola bila haidroliki, za V8 za Marekani: faida yake iko kwenye mizunguko ya juu sana, pale ambapo tapeti ya haidroliki inajaa oili kupita kiasi na kuiacha valvu wazi. Kutoka hapa hadi Morogoro, mwisho spidi 50 kila kijiji na trafiki mwenye tochi nyuma ya mbuyu, mtaitumia wapi? Springi za valvu zake ni kali, zinaikandamiza rola hata mkiwa kwenye foleni, na ile beringi ndogo ndani ya rola mara nyingi inategemea oili inayorushwa, ambayo kwenye mizunguko ya chini ni haba. Beringi ikipasuka, sindano zake, vile vyuma vyembamba inavyozungukia, zinamwagika ndani ya injini. Kwa gari la barabarani chukueni rola ya haidroliki. Anayeng'ang'ania ngumu awe na fila geji yake, na gari la pili la kumpeleka kazini Mtumba.