Wi-Fi Ipo, Intaneti Haipo: Usikimbilie Kitufe cha RESET

Simu inaonyesha mistari yote ya Wi-Fi, lakini ujumbe wa WhatsApp umebaki na kialama cha saa na hauendi. Wengi hapo husema "mtandao umekata", wanachukua kijiti cha meno na kubonyeza kile kitufe kilichojificha nyuma ya ruta. Tatizo la dakika tano linageuka kuwa la siku mbili za kumsubiri fundi.

Mistari ya Wi-Fi hupima umbali mmoja tu: kutoka simu yako hadi ruta iliyo sebuleni. Haisemi lolote kuhusu safari inayofuata, yaani kutoka ruta hadi nguzo ya faiba au mnara, kisha kwa mtoa huduma, kisha, kwa sisi wa Dodoma, zaidi ya kilomita 400 hadi pwani ambako nyaya za baharini zinaanzia. Kazi yako ni kujua safari imekatikia wapi.

Anza na simu mbili. Zima data ya laini katika zote mbili kabla ya kupima, maana simu janja nyingi zikiona Wi-Fi haina intaneti hurukia data ya laini kimyakimya, nawe ukadhani ruta imepona huku bando la simu likiisha. Ikiwa simu moja inafungua tovuti na nyingine haifungui, ruta haina kosa. Kwenye simu iliyogoma, futa mtandao huo wa Wi-Fi na uunganishe upya. Angalia pia tarehe na saa: kifaa chenye tarehe isiyo sahihi hukataliwa na tovuti nyingi kwa onyo la usalama.

Zote zikigoma, tazama kifurushi kabla ya kitu kingine. Kwenye ruta ya laini, ujumbe wa "kifurushi chako kimekwisha" haufiki kwenye simu yako, unaingia ndani ya ruta yenyewe. Fungua kivinjari, andika anwani iliyo kwenye stika chini ya ruta (mara nyingi 192.168.8.1, 192.168.1.1 au 192.168.0.1) na usome sehemu ya ujumbe. Kurasa hizo hufunguka hata bila intaneti. Kosa la kawaida hapa ni mtu kununua bando kwa namba ya simu yake badala ya namba ya laini iliyo ndani ya ruta.

Umeme ukirudi

Hapa Dodoma malalamiko mengi ya namna hii huja baada ya umeme kukatika na kurudi, na sababu yake ni mpangilio wa kuamka. Nyumba yenye faiba mara nyingi ina vifaa viwili: kisanduku kinachopokea uzi wa faiba, na ruta inayogawa Wi-Fi. Umeme ukirudi, vyote huwaka kwa pamoja. Ruta ikiomba anwani kabla kisanduku hakijaungana na mtoa huduma, haipati jibu, na baadhi ya ruta hubaki hivyo hivyo, Wi-Fi ikiwaka bila chochote nyuma yake.

Kwa hiyo chomoa vyote viwili ukutani. Subiri sekunde 30 ili chaji iliyobaki ndani iishe. Washa kisanduku cha faiba peke yake, kipe dakika tatu hadi taa ya PON (inayoonyesha kimeungana na mtoa huduma) itulie bila kupepesa, ndipo uwashe ruta. Kuzima na kuwasha namna hii hakufuti mpangilio wowote.

Ukiwa hapo chini, shika adapta. Nyingi ni za volti 12, na ampea huandikwa 1, 1.5 au 2. Adapta iliyochoka bado huwasha taa, lakini ruta hujizima na kujiwasha kila inapofanya kazi nzito. Ukinunua nyingine, volti na mpangilio wa chanya na hasi vilingane kabisa. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Adapta ya volti 9 kwa sababu tu pini imeingia ni kujitafutia hasara.

Taa nyekundu ya LOS

Taa ya LOS ikiwaka au kupepesa nyekundu, mwanga wa faiba haufiki kwenye kisanduku. Bando halihusiki, wala kuwasha na kuzima hakutasaidia. Fuata uzi kuanzia ukutani: umebanwa na mguu wa kochi? Umekunjwa kona kali nyuma ya kabati? Faiba si waya wa shaba, hupitisha mwanga, na mwanga huvuja pale uzi unapokunjwa mno. Mkunjo wowote uwe mpana kuliko mzunguko wa kikombe cha chai. Usichomoe kichwa chake cha kijani kukifuta kwa kidole, kwani mafuta ya ngozi na vumbi letu la kiangazi hutosha kuziba njia ya mwanga. Na usichungulie ndani ya uzi: mwanga wake hauonekani kwa macho lakini ni leza.

Kama uzi wa ndani hauna kasoro, basi umekatika nje, na mitaa inayojengwa kwa kasi kama Nzuguni na Iyumbu haikosi mitaro inayochimbwa. Hiyo ni kazi ya fundi wa mtoa huduma.

Kwa ruta za laini, ugonjwa mkubwa ni mahali ilipowekwa. Bati na karatasi ya alumini chini ya paa huzuia mawimbi, na nyumba iliyo nyuma ya kilima kama Mlimwa inaweza kukosa mnara ulio karibu. Kwenye ukurasa wa ruta tafuta namba ya RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayotoka mnarani. Karibu na -80 ni nzuri, -100 ni ya kusuasua, ikishuka chini ya -110 tegemea kukatika. Sogeza ruta dirisha baada ya dirisha, ukisubiri dakika moja kila mahali. Usiiweke juu ya dari. Joto la chini ya bati mchana hupita nyuzi 40 ambazo ruta nyingi zimetengenezewa.

Kipimo kingine ni cha kompyuta: fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike ping 8.8.8.8. Majibu yakirudi ilhali tovuti hazifunguki kwa majina, intaneti ipo ila huduma ya kutafsiri majina imekwama, weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kwenye sehemu ya DNS. Kompyuta ikiwa na anwani inayoanza na 169.254, haikupewa anwani na ruta kabisa.

Sasa RESET. Ukiishikilia sekunde kumi, inafuta jina la mtumiaji na nenosiri la PPPoE (njia ya ruta kujitambulisha kwa mtoa huduma) ambavyo mtoa huduma wa faiba aliviingiza siku ya kufunga. Huenda hukuwahi kupewa. Piga picha kurasa za mpangilio leo, wakati huduma ipo.

Kuna siku kosa liko mbali mno. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania nzima. Hakuna ruta ambayo ingesaidia.

Unapopiga dawati la wateja, taja namba ya akaunti, saa huduma ilipokoma, taa zinazowaka na rangi zake, na kwamba umeshawasha na kuzima kwa mpangilio. Omba namba ya malalamiko na uiandike. Usiporidhika na majibu, namba hiyo ndiyo utakayokwenda nayo TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) Kanda ya Kati, kwa sababu malalamiko hupokelewa huko baada ya kupita kwanza kwa mtoa huduma.