Kiuno cha mama baada ya hedhi kukoma

Huku Kivu, mashariki mwa Kongo, ukitaja lishe watu wanawaza mtoto mwenye bwaki, yaani utapiamlo wa kuvimba mwili, na wana haki. Lakini katika nyumba ileile yupo nyanya yake wa miaka 57: magoti yanamuuma, presha imepanda, tumbo limeongezeka. Wote wanamwambia amenawiri. Nikiwa mtaalamu wa lishe hapa Bukavu, akina mama hawa wananinyima usingizi.

Mwanamke akipitisha miezi 12 bila kuona damu, hedhi imekoma. Kwa wengi ni kati ya miaka 45 na 55. Estrojeni ikishapungua, mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na makalioni huanza kujaa tumboni, mpaka kuzunguka ini na utumbo. Misuli nayo inapungua. Utafiti wa Marekani uitwao SWAN, uliofuatilia wanawake kwa miaka mingi, ulionyesha kwamba kasi ya kuongeza mafuta huwa maradufu hedhi inapoanza kuyumba, na hutulia miaka 2 hivi baada ya hedhi ya mwisho. Mizani haioni hayo vizuri, kwa sababu misuli inatoka mafuta yakiingia.

Ndiyo maana napima kiuno. Futi ya fundi cherehani inatosha. Simama wima, toa pumzi kawaida, izungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Iguse ngozi, fundo la kitenge linadanganya. Kwa mwanamke, kupita sentimita 80 hatari imeanza kupanda, na kupita 88 imepanda sana. Mafuta hayo hayakai bure: baada ya hedhi kukoma, yenyewe ndiyo yanayotengeneza sehemu kubwa ya estrojeni, na hapo saratani ya titi na ya mji wa mimba hupata nafasi.

Duniani, mwaka 1990 karibu wanawake 9 kati ya 100 walikuwa na unene uliopindukia. Mwaka 2022 walizidi 18. Kwa hiyo wengi zaidi wanafika umri huo wakiwa tayari wazito. Hapa kwetu naona motari, dereva wa pikipiki, akipandisha mama kutoka soko la Kadutu, naona na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, ikimiminiwa mawese kwa kukadiria tu, mpaka juu panakuwa pekundu. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni karibu kalori 120. Sombe ile, mama, usiiache. Mafuta ndiyo uyapime kwa kijiko.

Na usiambiwe umechelewa. Mwaka 2002, utafiti mwingine wa Marekani kwa watu waliokaribia kisukari ulilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, kama kutembea, dakika 150 kwa wiki. Waliougua kisukari walipungua kwa asilimia 58. Kwa waliozidi miaka 60, asilimia 71! Mama wa kilo 85 anahitaji kupunguza kilo 6. Aanze na kilima cha kwao, kwa miguu, nusu saa, siku 5 kwa wiki, na kwenye sahani maharage au sambaza, dagaa wa ziwani kwetu, vizidi bugali.