Sanaa ya baada ya maafa maana yake nini?

Watu wengi wakisikia sanaa ya baada ya maafa wanafikiria picha ya nyumba zilizozama, mama kabeba mtoto, maji kiunoni, basi. Hiyo nayo imo ila ni kipande tu. Ni kazi yoyote, mchoro, ufinyanzi, ngoma, ushairi, ambayo mtu anaifanya kwa sababu mafuriko au ukame au moto umempitia yeye na mahali anapoishi, na kazi yenyewe inasaidia watu wakumbuke kilichotokea au inasaidia mahali pale papone.

Huku kwetu Kigoma mfano wala hauko mbali. Miaka ya 2020 na 2021 Ziwa Tanganyika lilipanda sana, nyumba za watu wa mwambaoni zikaingiliwa, na maji hayakuondoka upesi kama ya mto maana ziwa hili linapokea Malagarasi na Rusizi na mito mingine kibao halafu pa kutokea ni pamoja tu, mto Lukuga upande wa Kongo. Yaani yakishaingia sebuleni hayana haraka. Jirani yangu mmoja aliporudi kuokoa mbao zake alitoka na mlango wa chumbani, maji yameacha mstari wa kahawia, chini ya mstari mbao zimevimba na rangi imebanduka. Hakuupasua kuni. Alichukua rangi ya bluu iliyobaki alipopaka mtumbwi wake akachora juu ya mstari chumba kilivyokuwa, kitanda, chandarua, redio juu ya stuli, na chini akaacha hivyohivyo. Ukiutazama ule mlango unajua maji yalifika wapi bila kuuliza mtu, na kijana atakayetaka kujenga pale miaka 20 ijayo aonyeshwe huo kwanza kabla hajanunua tofali. Kwangu mimi dhana nzima iko pale.

Upande wa kurejesha mazingira ndio watu wanachanganya. Kupanda miti peke yake sio sanaa, hata iwe kazi nzuri kama ya TACARE, mradi wa Taasisi ya Jane Goodall, iliyoanza 1994 kwenye vijiji vyetu huku. Ila Ujerumani, mji wa Kassel, msanii Joseph Beuys alianza 1982 kazi ya kupanda miti 7,000, kila mti umesimamishiwa jiwe la basalti pembeni, akafariki 1986 na mwaka uliofuata wenzake wakaimaliza. Mti unakua, jiwe liko vilevile, kwa hiyo mpita njia anaona kwa macho yake uhai umesogea kiasi gani, na hapo ndipo upandaji unakuwa sanaa. Karibu zaidi na sisi kuna Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, kandambili zikiwemo, 2019 likasafiri mpaka Zanzibar.

Kitu kimoja nakisisitiza, ukimpiga mtu picha kakalia matofali ya nyumba yake iliyobomoka bila kumwomba ukaenda kuitundika mjini, hiyo sio sanaa ya maafa, umemwongezea msiba.

Ule mlango siku hizi umeegemezwa ukutani kwenye nyumba aliyopanga huko Mwanga, hapahapa Kigoma, watoto wake wanajipima nao, yule mkubwa mstari unamfika kidevuni.