Njooni kabla igizo halijaiva

Kila aliyeona bango letu ananiuliza swali moja: onyesho lini? Litakuja. Ila kama mwongozaji wa maigizo hapa Bagamoyo, nawaomba mje kwanza kwenye darasa la Jumamosi na jioni zetu za mnada wa samaki, maana igizo lenyewe linatokea huko.

Jukwaa letu liko wazi na bahari haiko mbali. Kusi ikivuma, mwanafunzi mgeni hupiga kelele, na kelele hizo humkausha koo bila kumfikia aliyekaa nyuma. Kwa hiyo tunaanza na pumzi, kiganja juu ya tumbo. Kisha tunahamia silabi ya mwisho. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, basi ile ya mwisho hulegea mdomoni, upepo ukaondoka nayo. Juzi binti mmoja alitakiwa aite kijiji kizima: "Njooni!" Akaimeza -ni. Kule nyuma nikasikia "Njoo," yaani ameita mtu mmoja, wengine wote kawaacha majumbani. Tulirudia, tukarudia, hadi fundi aliyekuwa akikalafati mtumbwi ufukweni akainua kichwa na kutazama.

Mnadani tunakaa na mama karanga, wale wanaonunua samaki na kuwakaanga. Hatuendi na hadithi mfukoni. Tunasikiliza kwa siku kadhaa, tunatunga kipande kifupi, tunakiigiza palepale, na kinapofika penye fundo tunakikatisha. Safari hii mama anadaiwa na dalali, chombo kimechelewa, deni limeiva. Afanye nini? Nilipouliza hivyo, mama mmoja alisimama, akamwomba mwigizaji wetu ampishe, akajifunga kanga kiunoni. Tulitegemea ugomvi. Yeye akaanza kwa kumuulizia dalali hali ya mtoto wake anayeumwa, akasubiri jibu, ndipo akataja deni. Watu walicheka kwa kumtambua dalali wao. Usiku ule tulifuta kurasa mbili za mabishano tuliyoyatunga wenyewe.

Njia hii tumeirithi. Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa walioijenga nchini. Katika kijiji cha Malya, Mwanza, mwaka 1982 na 1983, vijana walizungumzia mimba za wasichana wa shule na ukosefu wa kazi kwa kutumia wigashe, ngoma ya Kisukuma ambayo watu huicheza wamekaa. Hapo ndipo penye uzito kwangu: ngoma ilikuwa yao, na maneno yao. Niliwahi kufanya kazi na mfadhili mmoja aliyetuletea ujumbe umeshaandikwa, tukaambiwa tuukariri. Watazamaji walianza kuondoka kabla hatujamaliza, na sikuwalaumu.

Darasa ni la kila umri na halina kiingilio. Vaa nguo isiyokubana, beba maji, na usile ukashiba sana kabla ya mazoezi ya pumzi. Mnadani tunaanza samaki wakishauzwa. Kaa popote, na ukiwa na la kusema usisubiri kuitwa. Onyesho kamili tumelipanga saa moja na nusu usiku, ili mama karanga wawe wameshazima majiko na kunawa mafuta mikononi. Safu ya mbele ni yao.