Je, Wajua Kwa Nini Riwaya za Kuhamia Mirihi Husumbua Kuzitia Kwenye Televisheni?

Wengi hudhani kikwazo ni roketi. Roketi ni kazi ya kompyuta na ngurumo ya spika, dakika mbili imekwisha. Kinachowatoa jasho waandishi wa skripti ni kwamba katika riwaya hizi za zamani mhusika mkuu ni ardhi. Watu wanafika, wanajenga, wanagombana, wanazeeka na kuzikwa, na kitabu kinaendelea bila wao. Ardhi ndiyo iliyopo tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, nayo haina mdomo wala sura ya kuigiza.

Chukua The Martian Chronicles ya Ray Bradbury, iliyotoka mwaka 1950. Ni hadithi fupi zilizotungwa kama shanga kwenye uzi wa tarehe, kuanzia Januari 1999 hadi Oktoba 2026. Kituo cha NBC cha Marekani kilipoirusha mwaka 1980 kwa sehemu tatu, uzi ule ulibidi ugeuzwe mtu. Kanali Wilder, aliyeigizwa na Rock Hudson, akapitishwa kisa hadi kisa ili mtazamaji apate sura moja ya kuifuata. Hila hiyo inasaidia, ila ina gharama yake: habari za sayari nzima zinageuka habari za ofisa mmoja. Kim Stanley Robinson, kwenye vitabu vyake vitatu vya Mirihi vya miaka ya 1992 hadi 1996, alilimaliza tatizo hilo humo humo kitabuni. Wahusika wake wanapata tiba ya kurefusha maisha, kwa hiyo macho yale yale yanaiona sayari ikibadilika. Mwandishi wa televisheni akikuta zawadi kama hiyo, asiitupe.

Hesabu nayo inabana. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya picha, hivyo sehemu ya dakika 50 ni kurasa 50 za maneno na vitendo tu, bila mawazo ya moyoni. Kazi ya kwanza basi ni kuchora jedwali la kitabu kizima: tukio, mwaka, mahali, nani yupo, kisha safu ya mwisho yenye swali hili: hapa ardhi imefanya nini? Safu hiyo ikibaki tupu, tukio hilo liunganishwe na jingine au likatwe.

Kwa mtu wa Dodoma, jibu la swali hilo halihitaji kutafutwa mbali. Mwaka 1947 Waingereza walileta mitambo Kongwa kulima karanga, katika mradi uliolenga zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Hata vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani viligeuzwa matrekta. Mibuyu ikagoma kung'oka, mvua ikawa haba, na udongo wa mfinyanzi ukakauka kiangazi ukawa mgumu kama sakafu. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, pauni milioni 36 zimeshateketea. Sasa fikiria picha moja ya karibu: mkono unavuta shina la karanga, shina linakatika, karanga zinabaki chini. Ardhi imesema, na hakuna aliyefungua mdomo. Kila sehemu ya tamthilia ya Mirihi inahitaji walau picha moja ya namna hiyo.

Lipo pia suala la sayansi iliyochakaa. Wakati wa Bradbury bado mtu aliweza kuwaza mifereji na hewa ya kuvuta. Julai 1965 chombo cha Mariner 4 kikapita karibu na Mirihi na kutuma picha za mashimo matupu, na Julai 1976 chombo cha Viking 1 kikatua huko. Miaka minne tu baadaye NBC ikawaonyesha watazamaji hao hao watu wakitembea Mirihi bila kofia za hewa. Kwa maoni yetu ziko njia mbili za heshima: ama uiache hadithi iwe ngano, usiitetee kisayansi hata kidogo, ama uibadilishe yote ifuate Mirihi halisi. Kuchanganya ndiko kunakoharibu.

Ukichagua Mirihi halisi, anza na uzito. Mvutano wa kule ni asilimia 38 ya huku. Nyundo ikidondoka kutoka mita moja, hapa inafika chini kwa sekunde 0.45, kule kwa 0.73. Tofauti hiyo ni mara 1.63. Kwa hiyo kama kipindi kitaonyeshwa kwa fremu 25 kwa sekunde, picha ya kitu kinachoanguka ipigwe kwa fremu 41, ili ikionyeshwa kitu kianguke polepole kama kule. Ukitumia mfano mdogo wa gari au jengo, uliopunguzwa mara 16, zidisha tena kwa 4, ambayo ni kipeuo cha pili cha 16, yaani fremu 163 hivi. Kinachoharibika ni watu. Mdomo unaburuzika na mikono inaonekana kama iko majini, kwa sababu misuli haipungui kasi eti mvutano umepungua. Dawa yake ni mwigizaji azungushe mikono na shingo kwa haraka kuliko kawaida, na picha hizo zisiwe na maneno, au kofia ifiche mdomo na sauti irekodiwe baadaye.

Kuhusu mahali pa kupigia, tamthilia ya 1980 ilipigwa Malta na Lanzarote. Kwetu, wengi watakimbilia majabali ya Dodoma mjini au ya Singida, na hapo watakosea. Majabali yale ni graniti, yamekwanguliwa na hali ya hewa yakawa mviringo, rangi ya kijivu. Mawe ya Mirihi kwa sehemu kubwa ni ya volkano, meusi meusi na yenye kona. Kinachofanana zaidi ni udongo mwekundu wa makorongo ya Kondoa, kilomita 160 hivi kaskazini mwa Dodoma, maana wekundu wa pande zote mbili unatokana na chuma kilichoshika kutu. Tangu mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) uanze mwaka 1973 na mifugo kuondolewa mwaka 1979, uoto umerudi sehemu nyingi. Ni heri kwa wakazi, lakini mpiga picha itambidi atafute kuta tupu na kubana fremu. Vibali vya Bodi ya Filamu na vya droni viombwe mapema, na lising'olewe hata jani moja kwa ajili ya picha.

Piga kati ya Juni na Oktoba, saa 1 hadi saa 3 asubuhi, kisha saa 10 hadi saa 12 jioni. Mchana jua letu liko utosini, vivuli vinatoweka na ardhi inabaki kama kitambaa kilichopigwa pasi. Anga la buluu ndilo adui mkubwa. Hata wataalamu wa Viking, picha yao ya kwanza ya rangi ilitoka na anga la buluu, wakaisahihisha kuwa la waridi. Anga la kule mchana ni la hudhurungi ya njano, na buluu huonekana karibu na jua linapozama. Kwa hiyo usimvalishe mwigizaji nguo ya buluu, maana anayerekebisha rangi akiligusa anga, nguo nayo itageuka. Kioo cha kofia kiache kando wakati wa kupiga, kiongezwe kwenye kompyuta. Kikiwepo kitaonyesha kamera, watu wa seti na anga lile lile unalolikimbia, tena kitajaa mvuke wa pumzi.

Upepo wa Agosti utakuletea chamchela. Ipige, kwa sababu Mirihi inazo pia, tena nyingine zinapanda kilomita kadhaa. Usichoruhusiwa ni dhoruba ya kumwangusha mtu. Hewa ya kule ni nyepesi kiasi kwamba upepo wa kilomita 100 kwa saa humsukuma mtu kama upepo wa kilomita 13 wa hapa.

Mazungumzo na nyumbani nayo yabadilishwe. Mawimbi ya redio huchukua dakika 3 hadi 22 kufika Duniani, kutegemea sayari zimekaaje, kwa hiyo hakuna kupigiana simu. Andika ujumbe wa sauti. Mama aliyeko Mpwapwa anauliza, "Umekula, mwanangu?" Jibu analisikia baada ya dakika arobaini, sufuria imeshateremshwa jikoni.

Sauti yenyewe ishushwe. Tangu mwaka 2021 chombo cha Perseverance kimerekodi Mirihi kwa maikrofoni, nako ni kimya, sauti nyembamba hazifiki mbali. Fundi sauti apunguze zile za juu, abakize nzito: pumzi ndani ya kofia, na buti likivunja gamba la udongo.